Jiko la Gesi Linapogoma: Hitilafu za Kawaida, Tiba Zake, na Mahali pa Kumwachia Fundi



Si miaka mingi iliyopita, mtu akiingia katika jiko la nyumba ya Garsen, Tarasaa au Ngao, aghalabu alikuta mafiga matatu, kuni za kando ya mto, na mama mwenye macho mekundu kwa moshi. Leo mambo yamegeuka. Mitungi ya gesi imepangwa mbele ya maduka ya Garsen mjini na pale Minjila, njia panda ya kwenda Lamu, na pikipiki huipeleka hata vijiji vya ndani. Ni neema, nasi twaishukuru. Lakini mtungi huuzwa peke yake, na mara nyingi mnunuzi hafunzwi chochote juu yake. Siku jiko linapogoma, tumeona nyumba nyingi zikifuata mojawapo ya njia mbili. Ama jiko husukumwa pembeni likawekewa vikapu juu yake na watu wakarudia makaa ya mathenge, ama hushikwa kisu na kiberiti, kila mtu akawa fundi. Njia ya kwanza ni hasara, na ya pili ni hatari ya roho. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia ya tatu: kuijua hitilafu, kuitibu ile iliyo ndani ya uwezo wetu, na kuipeleka kwa mjuzi ile iliyo nje ya uwezo huo.

Asidhani mtu kuwa jambo hili ni dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani unaotokana na kuni, makaa na mafuta ya taa ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na waathirika wakubwa ni wanawake na watoto kwa kuwa wao ndio wakaao karibu na jiko. Kwa hiyo kila jiko la gesi linaloachwa kwa sababu ya hitilafu ya shilingi chache linamrudisha mama na mtoto wake katika moshi ule ule.

Kwanza tuijue gesi yenyewe

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa gesi mbili, propeni na buteni. Ndani ya mtungi imeshindiliwa hata ikawa maji, na ikitoka hugeuka hewa na kutanuka takriban mara 250. Ndiyo maana mtungi mdogo hupikia siku nyingi, na ndiyo maana pia uvujaji mdogo hujaza chumba kwa muda mfupi.

Sifa mbili za gesi hii yapasa kila aliye jikoni azijue. Ya kwanza ni kwamba ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Hushuka chini, ikatambaa sakafuni na kukusanyika kwenye mashimo, chini ya kitanda na katika kabati. Dirisha la juu peke yake halitoshi kuiondoa. Hutakiwa mlango wazi hadi chini. Ya pili ni kwamba kwa asili yake haina harufu. Ile harufu kama ya yai viza hutiwa makusudi kiwandani ili pua itambue. Basi harufu ile ni mlinzi aliyewekwa kwa ajili yetu, na haifai kumpuuza.

Hitilafu ya kwanza: Harufu ya gesi

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyongoja. Ikisikika harufu, mambo yafanywe kwa mpangilio huu. Kila moto uzimwe, uwe wa gesi, wa makaa au wa udi. Koki ya mtungi ifungwe. Mlango na madirisha yafunguliwe. Watoto na wazee watolewe nje. Swichi ya stima isiguswe kabisa, si kuwasha wala kuzima, kwani cheche ndogo ya swichi yatosha kulipua chumba. Feni isiwashwe kwa nia ya kupeperusha gesi, na simu ipigwe nje ya nyumba, mbali.

Harufu ikiisha kabisa, ndipo chanzo hutafutwa, tena mchana. Chombo cha kutafutia ni povu la sabuni. Chukua sabuni ya maji, uikoroge na maji kidogo mpaka itoe povu, upake kwa kitambaa au brashi mahali panne: kwenye koki ya mtungi, kwenye regyuleta (kile kichwa kinachobanwa juu ya koki), kwenye mpira mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale mpira unapoingia katika jiko. Kisha fungua gesi huku jiko limezimwa. Mahali panapovuja, povu litafura na kutoa mapovu madogo madogo mfululizo. Hapo funga gesi tena. Kiberiti hakitumiki kutafutia uvujaji hata siku moja. Wako wanaofanya hivyo na kusema wamezoea. Kuzoea kwao hakubadili tabia ya gesi.

Sababu za uvujaji kwa kawaida ni hizi. Ndani ya koki ya mtungi mna pete ndogo ya mpira. Ikichakaa, ikipasuka au ikikosekana, gesi husikika ikipiga mluzi mara tu regyuleta ibanwapo. Tiba yake ni kuurudisha mtungi kwa muuzaji abadilishe pete au mtungi wenyewe, si kufunga kipande cha nailoni wala kupaka sabuni ya kipande. Sababu nyingine ni regyuleta isiyooana na koki. Si kila regyuleta huingia kila mtungi, na ile inayolazimishwa kwa nguvu huonekana imeshika, kumbe imeegemea tu.

Sababu ya tatu ni mpira wenyewe. Mpira wa gesi una maisha yake, na aghalabu tarehe yake huchapwa ubavuni. Isipoonekana tarehe, tuchukulie miaka 5 kuwa mwisho kabisa, na katika joto letu huweza kuisha kabla ya hapo. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa, ukiwa mgumu kama kuni, au ukiwa umetafunwa na panya, usingoje. Mpira wa maji ya bustani si mpira wa gesi, na waya wa kufungia si badala ya pete ya chuma ya kubania. Isitoshe, mpira usipite nyuma ya jiko penye joto, wala usiwe mrefu hata mtoto aweze kuukanyaga na kuuvuta.

Huenda harufu kidogo ikasikika mtungi unapokaribia kwisha, kwa sababu ile dawa ya harufu huzidi katika gesi ya mwisho. Hata hivyo mwenye nyumba asijipe moyo kwa dhana. Apake povu kwanza. Lisipofura, hapo ana haki ya kutulia.

Hitilafu ya pili: Moto mdogo au hautoki

Kabla ya kumwita mtu, tuulize maswali mepesi. Je, mtungi una gesi? Utikise kidogo au uupime. Je, regyuleta imefunguliwa na imekaa sawasawa? Je, mpira haukukunjika au kukaliwa na mguu wa meza? Wengi wameita fundi kwa jambo lililotibika kwa kuinua mguu wa meza.

Yote hayo yakiwa salama, tuangalie kichomeo, yaani lile duara la chuma lenye matundu yatoayo moto. Maziwa yaliyofurika, uji wa futari, tui la nazi na mchuzi wa maharage hukauka katika matundu na kuyaziba. Funga gesi, ngoja chuma kipoe, ukitoe, ukioshe kwa maji ya moto na sabuni, uyasugue matundu kwa mswaki wa zamani. Tundu lililoziba kabisa lizibuliwe kwa kijiti chembamba cha mti au unyoya wa ufagio wa chelewa. Lisitanuliwe kwa msumari, kwani tundu likipanuka moto haurudi kuwa sawa tena. Kisha kikaushwe vizuri kabla ya kurudishwa.

Chini ya kichomeo kuna kijitundu cha shaba ambacho gesi hupitia kwanza. Hicho ni chembamba mno, na kimepimwa kiwandani. Buibui na nyigu wadogo hupenda kujenga humo na katika bomba la kichomeo, hasa jiko likikaa bila kutumiwa, kama vile familia inaposafiri kwa likizo. Bomba la kichomeo laweza kupigwa brashi na mwenye nyumba. Kijitundu cha shaba tumwachie fundi.

Hitilafu ya tatu: Moto wa manjano na masizi

Moto mwema wa gesi ni wa buluu, umetulia na hauna moshi. Ukigeuka manjano, ukarefuka na kuzipaka sufuria masizi meusi, maana yake gesi haipati hewa ya kutosha ili iungue kikamilifu. Gesi isiyoungua kikamilifu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtu akilala katika chumba kilichofungwa huweza asiamke. Sumu hiyo hiyo hutoka kwa wingi katika jiko la makaa linaloingizwa chumbani wakati wa mvua. Basi anayeacha gesi na kulala na makaa ndani ya chumba ameikimbia hatari moja akaingia katika nyingine.

Tiba ya moto wa manjano ni kusafisha kichomeo kama tulivyoeleza, na kuangalia matundu ya hewa yaliyo kwenye shingo ya bomba lake, yasizibwe na vumbi au mafuta. Vumbi la Garsen wakati wa kiangazi si dogo, na likichanganyika na mvuke wa mafuta ya kupikia huganda kama udongo. Mtungi unapokaribia kwisha pia moto huweza kugeuka manjano. Ukibadilisha mtungi na rangi ikarudi, sababu ilikuwa hiyo. Na maji ya chumvi yakimwagika juu ya kichomeo, moto hutoa cheche za rangi ya chungwa kwa muda, kwa kuwa chumvi ikipata moto ndiyo inayotoa rangi hiyo. Hiyo haina madhara nayo hupita, illa manjano ya kudumu yenye masizi yatafutiwe dawa.

Hitilafu ya nne: Moto unaovuma, unaoruka au unaozimika

Ikiwa moto unavuma kwa kishindo na ndimi zake zimeachana na kichomeo kana kwamba zinaelea, nguvu ya gesi imezidi. Aghalabu sababu ni regyuleta iliyoharibika, au iliyotengenezwa kwa majiko makubwa ya hoteli ikafungwa katika jiko la nyumbani. Hapa hakuna la kusafisha, regyuleta hubadilishwa. Haifunguliwi kutengenezwa, kwani ndani yake mna springi na ngozi laini ya mpira, na akiifungua asiyejua, haitasimamia tena nguvu ya gesi.

Ikiwa moto unapiga pu na kurudi ndani ya kichomeo, zima mara moja. Mara nyingi kifuniko cha kichomeo hakikukaa mahali pake baada ya kuoshwa, au kingali na maji. Kipoe, kikauke, kikae sawa, kisha jaribu tena.

Baadhi ya majiko mapya yana pini ndogo kando ya kichomeo inayohisi joto, ambayo hukata gesi moto ukizimwa na upepo. Katika jiko la namna hiyo, kishikizo lazima kishikiliwe chini kwa sekunde chache baada ya moto kuwaka. Anayekiachia haraka huona moto umezimika, akadhani jiko ni bovu. Ikiwa hata ukishikilia moto huzimika, ifute pini kwa kitambaa kikavu, kwani yaweza kuwa imepakwa mafuta.

Kiwashio cha jiko kikilia bila kutoa cheche, au kisipolia kabisa, kwanza kikaushwe, kisha betri iangaliwe kama jiko lina betri. Wakati huo kiberiti kinaweza kutumika kuwashia, lakini kwa utaratibu: njiti iwashwe kwanza, ndipo gesi ifunguliwe. Anayefungua gesi kwanza kisha akatafuta kiberiti ameruhusu gesi ikusanyike mbele ya uso wake. Tahadhari hii ni muhimu zaidi wakati wa daku, mtu anapoamka na usingizi machoni, na mikono ya nguo ya kulalia au ncha ya leso ikining'inia juu ya moto.

Hitilafu ya tano: Mtungi unaotoka jasho

Katika arusi na hitima zetu, mara nyingi mtungi mdogo wa kilo 6 hupewa kazi ya kuivisha sufuria kubwa ya pilau. Baada ya muda mtungi hutoka jasho, huwa baridi kama barafu, na moto hufifia ingawa gesi ingalimo. Hili si bovu. Gesi ikigeuka kutoka maji kuwa hewa huhitaji joto, na hulichukua kutoka katika mtungi wenyewe. Ukitakiwa moto mkubwa kwa muda mrefu, mtungi mdogo hupoa na kushindwa. Dawa yake ni kupunguza moto au kutumia mtungi mkubwa zaidi.

Zisizo dawa, nazo tumeziona, ni hizi: kuumwagia mtungi maji ya moto, kuuweka juani, kuuegesha karibu na makaa, na kuulaza chini ili umalize. Kuulaza ni hatari kubwa, kwa kuwa gesi iliyo maji huingia katika koki na mpira, ikafika kwenye moto bila kupunguzwa nguvu, na ndimi zikapanda ghafula. Kwa sababu hiyo hiyo mtungi uliosafirishwa kwa pikipiki umelazwa usimamishwe na uachwe utulie kabla ya kufungwa.

Fauka ya hayo, kwenye ule mtungi mdogo ambao kichomeo hukazwa juu yake moja kwa moja, sufuria pana hurudisha joto chini kwenye koki, na uzito wake waweza kuupindua. Mtungi huo ni wa sufuria ndogo za nyumbani. Wala kichomeo chake kisifunguliwe moto ukiwaka au chuma kikiwa bado cha moto.

Mtungi wakati wa mafuriko

Sisi wa bonde la mto Tana tuna jambo ambalo vitabu vya jiko havilitaji. Mvua za mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 ziliingiza maji katika nyumba nyingi za kaunti hii, na familia zilihamia penye ardhi ya juu na vyombo vyao. Mtungi usiojaa huelea. Ukielea huku mpira umefungwa, huvuta jiko, mpira hukatika na gesi humwagika. Maji yakitangazwa kuja, funga koki, toa regyuleta, na uchukue mtungi ukiwa wima. Usipoweza kuuchukua, ufunge kwa kamba kwenye nguzo imara nje ya nyumba.

Maji yakipungua, regyuleta iliyozama isitumike tena, hata ikionekana safi, kwa kuwa tope likiingia ndani haliwezi kuoshwa likaisha. Mpira nao ubadilishwe. Mtungi wenyewe urudishwe kwa muuzaji akaupeleke kukaguliwa koki. Kichomeo na jiko huweza kuoshwa na kukaushwa, kisha fundi akavitazama. Na pale familia inapokaa katika hema au kibanda cha makuti, kupikia kufanyike nje. Makuti na turubai havivumilii ndimi za moto hata kwa dakika.

Kununua kwa macho wazi

Hitilafu nyingine huanzia dukani. Katika kila mtungi pamepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Ikiwa chapa yasema kilo 7.5, basi mtungi wa kilo 6 uliojaa uzani wake uwe kilo 13.5. Mnunuzi ana haki ya kuomba upimwe mbele yake, na muuzaji mwaminifu hachukii mizani. Kupunja vipimo ni dhambi iliyoshushiwa sura nzima ya Qur'ani, na gesi isiyoonekana kwa macho haikuondolewa katika hukumu hiyo.

Atazame pia lakiri iliyo juu ya koki, kutu, na mbonyeo. Mitungi inayojazwa kwa siri huwa na gesi pungufu na koki zisizokaguliwa. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zinakataza mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya maandishi ya mwenyewe, na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ndiyo itoayo leseni kwa wajazaji na wauzaji. Yaliyotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka mahali palipokuwa pakijazwa bila idhini, watu wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, yalionyesha kuwa leseni si karatasi ya kukusanyia ushuru tu.

Mahali pa kumwachia fundi

Tumetaja kazi za mwenye nyumba: kupaka povu, kusafisha kichomeo, kukausha, kubadilisha mpira na regyuleta kwa vilivyo vipya vyenye alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa la Kenya. Kazi zisizo zake ni tatu: koki ya mtungi, ndani ya regyuleta, na kijitundu cha shaba pamoja na vishikizo vilivyokauka. Kishikizo kigumu kisitiwe mafuta ya kupikia, kwani huganda na kuzidisha ugumu. Kina grisi yake ya kustahimili joto, na fundi ndiye aijuaye.

Wako ndugu zetu walio Uingereza ambao hutuma ushauri kwa simu. Wao nyumba zao hupashwa joto na maji yao kuchemshwa kwa boila ya gesi iliyo ukutani, na sheria ya huko inataka anayeigusa awe fundi aliyeandikishwa katika daftari la Gas Safe, lililoanza mwaka 2009. Katika hilo tuwaige. Lakini gesi yao ya mabomba kwa kawaida ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu ikivuja, yetu hushuka. Kwa hiyo ushauri ulio sahihi kwao huweza usitufae sisi.

Neno kwa akina baba

Hapa tunaomba akina mama wawasomee waume zao. Katika nyumba nyingi, anunuaye jiko ni mwanamume, na aungukaye ni mwanamke. Yeye aliyechagua regyuleta ya bei rahisi huwa dukani au malishoni inapovuja. Chakula cha mke na watoto ni wajibu wa mume, na chombo salama cha kukipikia hakiwezi kutengwa na wajibu huo. Mke akisema mpira umepasuka, hiyo si kelele ya kudai pesa. Ni ushahidi wa mtu aliye karibu zaidi na hatari. Ni msingi mashuhuri wa sheria yetu kwamba madhara huondolewa, na madhara ya kutazamiwa huondolewa kabla hayajafika. Mume anayepata pesa za kuongeza salio la simu kila siku asiseme amekosa za mpira wa gesi mara moja katika miaka kadhaa.

Moto ukishashika

Mafuta yakiwaka katika kikaango, yasimwagiwe maji. Zima gesi kama wafikia, ufunike kwa kifuniko au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, na usikifunue mpaka kipoe. Moto ukiwaka kwenye mpira au kwenye mtungi, funga koki ikiwa mkono wafika bila kuungua. Ikiwa haufiki, acha mali, toa watu, nenda mbali, na upige 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Gari la zimamoto huenda likawa mbali na Garsen, kwa hiyo roho ziokolewe kwanza, nyumba baadaye.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Pete na bangili zitolewe kabla ya kuvimba. Samli, dawa ya meno, yai na barafu visipakwe. Huzuia joto lisitoke au huumiza ngozi zaidi. Kisha afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali, hasa akiwa mtoto, au akiungua uso, mikono au sehemu kubwa ya mwili.

Na kila usiku kabla ya kulala, koki ya mtungi ifungwe, si kishikizo cha jiko peke yake. Imepokewa katika hadithi zilizo sahihi kwamba nyumba moja iliungua Madina usiku pamoja na watu wake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoelezwa aliwaonya watu wasiache moto ukiwaka wanapolala. Taa za wakati ule zilikuwa za utambi na mafuta. Zetu leo ni mitungi, na onyo ni lile lile. Anayehusika kuifunga atajwe kwa jina katika kila nyumba, ili pasiwe na kutegeana. Wallahu a'lam.